Unene wa Maji

Ukifika Nyalwezi leo ukamuulizia Nesi Zipora, bado utapata mtu wa kukwambia kwamba alikuwa na kidole kibaya. Atashusha sauti, atatazama pembeni, halafu atakuonyesha dole gumba lake. Mimi wakinifikishia hayo siwaachi. Nawaambia, hebu nendeni huko na upuuzi wenu! Nimekaa na yule dada ua mmoja, nimefagia zahanati yake, nimechemsha sindano zake, nimekula naye sahani moja. Kama kidole chake kilikuwa kinaua, mimi ningekuwa wa kwanza, maana alinibonyeza miguu kwenye mimba zangu zote.

Lakini nisikudanganye. Kitu kilikuwepo. Siyo uchawi, na neno hilo sitaki litamkwe nyumbani kwangu. Ila kuna jambo lilimwingia Zipora mwaka ule wa sabini na tano, likakaa naye, na mimi niliyekuwa naamka naye na kushinda naye niliona lilivyomfanya.

Naitwa Justina. Nilikuwa mhudumu wa zahanati ya Nyalwezi, hapa kwetu Geita, kwenye barabara ya kwenda Chato. Zahanati yenyewe ilikuwa vyumba viwili, vitanda viwili na ukuta unaobanduka chokaa. Mganga alikuwa anakuja akijisikia. Kazi yote ilikuwa ya Zipora. Alikuwa binti wa mzee Bujiku, mfugaji wa upande wa Shinyanga, na unesi alisomea Kolandoto. Dada mrefu, mkavu, mkali wa uchafu kuliko mama mkwe. Ukimletea beseni lenye tone la damu anakutazama tu, hakwambii kitu, unarudi mwenyewe kusugua. Alikuwa mlokole, hata togwa iliyolala hagusi. Lakini mwekee matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa, na karanga za kutwanga uone! Alikuwa anakula huku amefumba macho, mimi nacheka.

Sasa, ili unielewe, lazima nikueleze unene ulivyokuwa kwetu siku zile. Tulikuwa tumehamishwa. Malori ya Operesheni Vijiji yalikuja, tukapakiwa na masufuria yetu na kuku wetu, tukamwagwa hapa barabarani kwenye kijiji kipya. Mashamba ya karanga na choroko yakabaki kule tulikotoka. Ng'ombe wakabaki kwa jamaa. Mvua nayo ikagoma. Kilichoota ni muhogo, basi tukala muhogo. Asubuhi muhogo, mchana muhogo, jioni ugali wa muhogo na chumvi, na mlenda siku ukipatikana. Katika hali hiyo, mtu mwenye mtoto mnene alikuwa mtu! Tulikuwa bado tunawakumbuka watoto wa makarani waliokaa kota za mgodi zamani, mgodi ulipokuwa haujafungwa. Wale walikuwa wanakula mkate wa siagi na kunywa soda, mashavu yamewajaa hadi macho yanapotea. Kila baba hapa alitaka mtoto wake awe vile. Hakuna aliyejiuliza huyu wa kwetu ananenepaje wakati soda yenyewe hajawahi kuionja.

Shule yetu nayo ilikuwa na chakula cha mchana, jambo ambalo shule za jirani hazikuwa nalo. Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Theonest, mtu wa Biharamulo, mchapakazi hasa. Sitaki kumsema vibaya. Alikuta shule ya nyasi akaiacha na mabati. Shamba la shule lote alilima pamba, watoto wanapalilia, watoto wanachuma, pamba inauzwa, bati linanunuliwa. Tarafa nzima ilimsifu. Na mchana kila mtoto anapewa tonge lake la ugali wa muhogo, unga wanaleta wazazi. Watoto wake wakaanza kunawiri. Mashavu yakajaa, miguu ikajaa. Mwalimu akawa anatembea kifua mbele.

Siku moja wakati wa kiangazi akaja mgeni kutoka wilayani. Shule ikafagiliwa mpaka njiani. Mwalimu Theonest akapanga watoto wa kuimba, na wale wanene wote akawaweka mstari wa mbele. Katikati kabisa alisimama Mbuke, wa darasa la pili, mtoto wa kwanza wa Mageni. Ndiyo maana Mageni watu walimwita Baba Mbuke. Uso wake ulikuwa duara, unang'aa. Walimvalisha viatu vya kuazima, mkanda haukufunga juu ya mguu. Mageni alikuwa amekaa na wajumbe, meno yote nje.

Mgeni akafurahi. Akasema, "Hawa ndio watoto tunaowataka! Watazameni! Shule zote zije kujifunza Nyalwezi." Makofi yakapigwa.

Zipora alikuwa amekaa karibu yangu. Nikamwona anainuka bila kuruhusiwa na mtu. Nikamshika gauni, akalichomoa. Akaenda akapiga magoti mbele ya Mbuke, akamvua kile kiatu, akaweka dole gumba juu ya mguu, akabonyeza, akaachia. Shimo likabaki. Mama yangu, lile shimo! Sote tulikuwa tunalitazama, tunalisubiri lijae, halijai, kama mtu aliyebonyeza udongo wa kufinyangia.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti haikumtetemeka, "huu siyo unene. Ni maji. Huyu mtoto ana kwashakoo, na yule pale naye, na yule aliyejificha nyuma ya ngoma. Tazama nywele zilivyogeuka rangi. Wanashiba muhogo, lakini mwili haupati kitu cha kuujenga."

Mwalimu Theonest alikuwa ameangalia chini, jasho linamtoka. Mgeni akakohoa, akasema mambo ya afya yatajadiliwa kwenye ngazi husika. Ni Mageni aliyesimama. Alikuja mpaka pale, akamtazama mwanawe mguuni, akamtazama nesi.

"Nesi, umemfanya nini mwanangu?"

Hapo ndipo yote yalipoanzia.

Mama Mbuke alikuwa mwanamke mpole, lakini macho alikuwa nayo. Siku mbili tatu baadaye akamleta mtoto zahanati, mume hataki. Tukampa kitanda cha dirishani. Ukimsogelea yule mtoto halii, hacheki, amekaa tu ameinamisha kichwa. Ukimpa kijiko cha uji anageuza uso. Ndivyo wanavyokuwa. Zipora alikuwa anamkorogea maziwa ya unga na mafuta kidogo, na sukari, anamnywesha kijiko kimoja kimoja, kutwa nzima, anamwimbia nyimbo za Kisukuma za kubembelezea. "Kunywa, ng'wanawane, mwanangu. Kunywa kidogo tu." Akanifundisha na mimi. Akaniambia, "Justina, usimlazimishe. Tunasubiri siku aombe mwenyewe. Mtoto wa hivi akisema ana njaa, ujue amerudi. Siku hiyo utanicheka nitakavyoruka."

Maji yakaanza kutoka. Mtoto anakojoa, anakojoa, shuka haikauki. Na maji yakishatoka, unafikiri kinabaki nini? Uso ule wa duara ukashuka. Mbavu zikatokea, mabega yakatokea, magoti yakawa makubwa kuliko mapaja. Mimi mwenyewe, pamoja na kwamba nilielezwa, nilimgeuza asubuhi moja nikashtuka. Sasa fikiria baba yake.

Mageni aliingia mlangoni, akasimama. Akasema, "Mimi mke wangu alileta hapa mtoto mnene. Huyu ni nani?"

Zipora akamweleza. Akamwambia Baba Mbuke, hivi ndivyo inavyokuwa, lazima akonde kwanza ndipo anenepe nyama. Alikuwa anaongea na ukuta. Mageni akamfunga mtoto mgongoni kwa shuka yetu ya zahanati, akatoka. Zipora alimfuata mpaka barabarani anamvuta shati. Nesi mzima, na sare yake nyeupe, anamvuta shati mwanaume barabarani mbele ya watu! Mageni hakugeuka.

Mbuke akafa wiki ile ile.

Kijiji kikapata la kusema. Alimtoboa kwa kidole, mtoto akamwagika. Hivyo tu. Waliliona shimo kwa macho yao, waliona mtoto alivyokonda, wakamzika. Ungewaambia nini? Kina mama wakaacha kuleta watoto. Wakija na mtoto mwenye homa, wanamfunika miguu kwa kanga, wanamshikilia. Zipora akipita nje ya uzio wa shule, watoto waliokaa kwenye magogo wanakunja miguu chini yao wote kwa pamoja. Niliona siku moja. Zipora naye aliona. Akaendelea kusukuma baiskeli yake.

Ndipo nikaanza kumwona anabonyeza vitu. Tukila, anabonyeza ugali, anautazama. Anabonyeza mkono wake mwenyewe. Mvua ilipokuja kunyesha, nilimkuta amechuchumaa uani, amebonyeza tope mstari mzima, amekaa anatazama yale mashimo yakijaa maji. Nikamwambia, "Dada, inuka, utapata homa." Akanijibu, "Huyo mtoto alikuwa anapona, Justina." Hakuniambia ni mtoto gani, na sikumuuliza. Kuna wakati tulikuwa tunafunga dawa mezani, akanyanyua kichwa, akasema, "Nani anakojoa pale?" Kile kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu, kimetandikwa. Mimi nilitoka nje, nikasali Salamu Maria. Sitasema nilisikia, wala sitasema sikusikia.

Mtu mwingine angeomba uhamisho. Yeye akapanda basi.

Alikuwa na rafiki yake, Nesi Theopista, wa misheni upande wa Ushirombo, mfupi, mcheshi, mwenye mdomo. Theopista naye shule za kwao zilikuwa zinalima pamba, na watoto wa kwao walikuwa wanavimba vile vile. Wale wawili wakakubaliana waende kwa wakubwa, waombe sheria. Walitaka mambo mawili tu: nusu ya shamba la kila shule ilimwe karanga na maharage, yasiuzwe, yaliwe na watoto wenyewe, na kila muhula watoto wakaguliwe miguu. Walianza na wilaya yetu. Nilikwenda nao, nawabebea chakula.

Yule ofisa aliyetupokea alikuwa mnene mwenyewe, kiti kinalia. Aliwasikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka hadi akajifuta macho. "Yaani nimewaelewa? Serikali inahangaika kuleta unga wa njano, nchi ina njaa, na ninyi manesi mmepanda basi kuja kuniomba sheria ya kupunguza unene wa watoto shuleni?"

Theopista akamwambia, "Unene wa maji, mzee."

"Manesi wa kukondesha watoto!" Akamwita na mwenzake chumba cha pili aje asikie. Jina likatutangulia kurudi. Mpaka kondakta wa basi alitusalimia nalo.

Lakini siku ile pale ofisini Zipora hakuondoka. Alingoja mpaka kicheko kilipomwisha yule mzee, akasema, "Nimeshamzika mmoja. Nimepita shule nne, watoto wenye miguu ile wapo kila shule. Nikirudi mikono mitupu nitakuwa nakuja kukwambia majina."

Mzee akaacha kucheka. Nafikiri alimtazama machoni, na macho ya Zipora wakati ule hayakuwa ya kutazamwa sana. Akasema basi, wamtafutie kamati ya shule moja ikubali yenyewe. Moja tu. Ianze, ionekane, atalipeleka barazani. Bila hiyo Zipora asionekane tena ofisini kwake.

Kamati ya shule moja! Theopista kule kwao mwalimu mkuu alikuwa amemfukuza kabisa, ikabaki ya Nyalwezi. Na kwenye kamati ya Nyalwezi aliyekuwa anasikilizwa kuliko wote, hata kuliko mwenyekiti, ni mfiwa, Mageni. Akitikisa kichwa yeye, hakuna atakayenyoosha mkono.

Kikao kilifanyika darasani. Sisi wanawake tulisimama mlangoni na madirishani. Mwalimu Theonest ndiye aliyemwita Zipora azungumze, na hilo nampa sifa. Tangu kifo cha Mbuke alikuwa amenyamaza sana, na nguo zilikuwa zinampwaya. Zipora akasimama pale mbele. Hakuhubiri. Akasema, "Wazazi wangu, shikamooni. Najua mnaogopa kidole changu. Sitamgusa mtoto yeyote. Nendeni nyumbani kila mtu ambonyeze wa kwake, kwa kidole chake, juu ya mguu, aachie. Shimo likijaa, mshukuruni Mungu, na mimi mnifukuze. Lisipojaa, mtajua mlime nini."

Wote wakamtazama Mageni. Mageni akasema polepole, "Mimi nilishaona kubonyeza kunakoleta. Sitambonyeza mtu." Akachukua fimbo yake aondoke.

Hapo Mama Mbuke akapita katikati yetu pale mlangoni. Mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akisema mbele ya wanaume! Amembeba Salvina, mdogo wake Mbuke, mtoto wa miaka sita hivi aliyekuwa ameanza shule mwaka ule. Uso duara. Ngozi inang'aa. Akamkalisha mezani mbele ya mumewe.

"Baba Mbuke," akasema, "nimembonyeza mwenyewe jana, na leo asubuhi. Halijai. Nesi hakuwepo. Mbonyeze na wewe."

"Mtoe huyo mtoto."

"Mbonyeze."

Akabonyeza. Nadhani alifanya ili yaishe, ili amwonyeshe mkewe. Akaachia. Akasubiri. Tukasubiri. Alikitazama kidole chake mwenyewe, akakifuta kwenye suruali, akafuta tena.

Akamwuliza Zipora, bila kumtazama, "Atakonda kama yule?"

Mwingine angedanganya kidogo. Mimi ningedanganya. Zipora akasema, "Atakonda mpaka usimjue. Nakwambia leo, mbele ya watu wote hawa, ili siku hiyo ikifika usiseme sikukwambia. Siku utakayomwona mbaya kuliko zote, siku hiyo ndiyo usimtoe. Ukimtoa, utamzika."

Mwenyekiti akasema basi, kikao kinaahirishwa. Mtoto akipona, tutalima karanga. Asipopona, nesi atafute pa kwenda. Ndivyo walivyoamua, maisha ya mtoto na sheria ya watu wote vikafungwa kamba moja.

Kwenye kile kitanda cha dirishani Zipora hakumlaza Salvina. Alimlaza kile kingine. Mageni alileta mkeka, akakaa nje chini ya paa, anakesha hapo, hazungumzi na mtu. Na sisi ndani tukaanza upya. Maziwa, kijiko, nyimbo zile zile. Salvina anageuza uso. Zipora hakula. Nilimtwangia karanga zake, zikachacha. Akimwinamia mtoto alikuwa anamkosea jina, anamwita Mbuke, anashtuka, anaziba mdomo. Mara akawa anasimama katikati ya chumba na kijiko mkononi, anatazama vitanda vyote viwili kama mtu anayegawa.

Maji yakatoka. Uso ukashuka. Mbavu. Mabega. Magoti. Kila asubuhi Mageni anainuka, anachungulia mlangoni, anarudi mkekani. Watu wakipita njiani wanamwita, "Baba Mbuke, unangoja nini? Unangoja amalize na huyu?" Mama Mbuke alikuwa anawafukuza kwa ufagio.

Halafu ikafika siku yenyewe. Ilikuwa mchana, jua limewaka. Salvina alikuwa amelala chali, na kusema kweli alikuwa wa kutisha, sura imekuwa ya bibi kizee. Mageni akachungulia. Safari hii hakurudi mkekani. Akaingia na shuka mkononi.

Zipora alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Nilijua atamrukia. Hakumrukia. Alinyoosha mkono mmoja, ukabaki hewani. Uso wake ulikuwa unatazama nyuma ya Mageni, mlangoni, barabarani kule alikomvuta shati. Mimi nilikuwa nimeshika beseni, nikasema, "Baba Mbuke, alikwambia! Alikwambia siku hii itafika!" Nilipiga kelele kama mwendawazimu. Yeye akainama, akamnyanyua mtoto, akamweka begani.

Na Salvina akasema pale begani, kwa kisauti chembamba, "Baba, nina njaa."

Zipora aliruka. Kweli aliruka, viatu vikagonga sakafu! Beseni likanianguka. Akaja mbio kuzunguka kitanda, anacheka, machozi yanamtoka, "Amesema! Umesikia? Amesema! Baba Mbuke, mtoto wa hivi akiomba chakula mwenyewe maana yake..."

"Hata Mbuke alisema," Mageni akamkatiza.

"Nini?"

"Siku ile. Njiani, mgongoni kwangu. Alisema baba nina njaa. Nikamwambia subiri tufike nyumbani."

Nilimwona Zipora akifunga mdomo. Yale maneno aliyokuwa anayasema aliyameza. Alimtazama yule mwanaume na mtoto wake begani. Halafu akachukua kikombe mezani, akamwekea mkononi, na kijiko.

"Mlishe wewe mwenyewe," akasema. "Polepole."

Akamlisha. Salvina akamaliza kikombe, akalilia kingine.

Yaliyofuata ni marefu kuyaishi, mafupi kuyasema. Mtoto akanenepa nyama, mguu ukibonyezwa unajaa papo hapo. Kamati ikakubali, na aliyenyoosha mkono wa kwanza ni Mageni. Mwalimu Theonest akang'oa pamba nusu ya shamba kwa jembe lake mwenyewe. Yule ofisa mnene, tuseme haki, alitimiza ahadi, akalipeleka jambo barazani, nalo likapita kwa tarafa yetu, siyo wilaya nzima. Theopista alilalamika, akasema wametupa kipande cha kitenge badala ya doti. Zipora akamwambia tutaomba kilichobaki, na waliendelea kuomba miaka yote, kwa mabasi na kwa baiskeli, na kila ofisa mpya alicheka kwanza kabla ya kusikiliza. Katika kufundisha wazazi shule hadi shule, alikuwa anawaeleza yote: nywele, ngozi, mguu, kukonda. Dalili moja hakuitaja kamwe kama Mageni yupo, na alikuwepo mara nyingi, maana alijitolea kubeba mizigo yetu.

Siku shule ilipovuna karanga za kwanza, watoto walikaa uwanjani wanamenya na kula, maganda yamezagaa, kelele tupu. Zipora na mimi tulikuwa jikoni kwa shule tunatwanga. Mageni akaja. Alikuwa amekonda sana. Akavua kofia.

"Nesi, kuna kitu ulitaka kuniambia siku ile, ukaacha. Mtoto wa hivi akiomba chakula, maana yake nini? Yule wangu wa kwanza, aliposema vile njiani, alikuwa amekwishapona?"

Mchi wangu ukasimama. Zipora hakuwahi kumdanganya mzazi, hata siku moja, ndiyo iliyokuwa sifa yake na ndiyo iliyomponza. Alimtazama usoni.

"Hapana, Baba Mbuke. Yule alikuwa ameshachelewa. Kumbakisha kusingesaidia kitu. Ni mimi niliyechelewa kumwona."

Mageni akashusha pumzi, pumzi ndefu, mpaka mabega yake yakalegea. Akasema asante. Akavaa kofia akaenda kukaa na watoto, Salvina akammiminia karanga mkononi.

Nikangoja afike mbali. Nikasema, "Dada, umemwongopea."

Alikuwa amerudi kwenye kinu, hakuinua kichwa. "Ana huyu mmoja wa kulea, Justina," akasema. "Akijua, nani atamlea?"